Tuulize Maji Kabla ya Samaki

Mhadhara kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Liverpool, magharibi mwa Sydney



Nimeombwa nizungumze juu ya ufugaji wa samaki wa maji baridi, na sababu yake inaeleweka. Wengi wetu tuna kiwanja nyumbani, iwe Bukoba au Busia, Uvira au Bujumbura, na tunafikiria kuchimba bwawa. Wengine hutuma fedha kila mwezi kwa ndugu ambaye bwawa ameshalichimba. Wengine wanataka kujua kama hapa Australia mtu anaweza kufuga perege akauza. Maswali hayo yote huanza na samaki: tufuge yupi, anakomaa kwa miezi mingapi, kilo inauzwaje.

Hoja yangu ni kwamba samaki si mahali pa kuanzia. Mfugaji wa samaki kwanza ni mtunzaji wa maji. Akiyajua maji yake, samaki atamfaa. Asipoyajua, hasara itampata yeye, na mara nyingi itawapata jirani zake, na zipo hasara za namna hii zilizozikumba nchi nzima. Kwa hiyo kabla ya samaki kuna maswali matatu ya kuuliza. Maji haya yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Yanapumua vipi? Na samaki huyu akitoroka, itakuwaje? Mifano nitaitoa hapa tunapoishi, kwenye Mto Georges, na kule tulikotoka, kwenye ziwa letu kubwa, Ziwa Victoria.

I. Yanatoka wapi, yanakwenda wapi?

Mto Georges unapita nyuma ya kituo cha treni cha Liverpool, na wengi wetu huuona kila siku kupitia dirishani bila kuutazama. Unaanzia kwenye nyanda zenye vinamasi karibu na Appin, unateremka kuja Liverpool, kisha unageukia mashariki hadi Botany Bay, safari ya kilomita zipatazo 96. Waliokuwa na mto huu tangu kale ni watu wa Darug, na ukoo wa hapa uliitwa Cabrogal. Walikula samaki wake, na walikula pia mnyoo atobozaye magogo yaliyozama majini, chakula kilichowatambulisha mbele ya koo nyingine. Waliujua mto kwa matumizi, wakajua kila kitu kinapatikana wapi na majira gani.

Gavana Lachlan Macquarie aliuanzisha mji wa Liverpool mwaka 1810. Mwaka 1836 wafungwa waliofanyishwa kazi na serikali walikamilisha ukuta wa mawe kukatisha mto, chini ya mjenzi David Lennox, ili mji upate maji matamu. Ukuta ule upo hadi leo. Chini yake maji ya bahari hupanda na kushuka, kujaa na kupwa. Juu yake ni maji baridi matupu. Mto uliokuwa na mpito wa taratibu kutoka chumvi kwenda utamu ulipewa mpaka wa mawe.

Sasa mtazameni samaki mmoja tu, besi wa Australia. Huishi kwenye maji baridi ya mito ya pwani ya mashariki, na majike, ambao ndio wakubwa, hupenda kukaa mbali juu mtoni. Lakini hawezi kuzaliana huko. Majira ya baridi hushuka hadi kwenye maji ya mchanganyiko karibu na bahari, kwa sababu mbegu za dume na mayai ya jike vinahitaji chumvi kiasi ili kizazi kitokee. Halafu wazazi hupanda tena, na watoto hufuata. Ndiyo maana sheria za New South Wales zinakataza kumchukua besi mitoni kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti. Kila ukuta unaojengwa kati ya makao yake na mahali pake pa kutagia humpunguzia dunia. Mafuriko makubwa yakiufunika ukuta anaweza kupita. Miaka ya ukame anasubiri. Mkunga naye, yule wa mito hii, hufanya kinyume cha ajabu zaidi: hukua maji baridi kwa miaka mingi, kisha husafiri hadi kwenye kina cha Bahari ya Matumbawe kutaga mara moja na kufa.

Waliojenga mwaka 1836 walitaka maji ya kunywa, na haja yao ilikuwa ya kweli. Walichokosa ni kumfikiria anayeishi juu na anayeishi chini. Somo hilo linamhusu kila anayechimba bwawa. Ukichepusha kijito kijaze bwawa lako, umechukua maji ya nani? Shamba lililo juu yako linapuliziwa dawa gani, na mvua ikinyesha dawa hiyo inaishia wapi? Siku ya kuvua utakapofungulia maji yenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, yatapita kwenye kisima cha nani?

Anayelielewa jambo hili kuliko wote ni mfugaji wa chaza, kwa kuwa hana hata ukingo wa udongo wa kumkinga. Chini ya mto huu, karibu na Botany Bay, kulikuwa na ufugaji mkubwa wa chaza wa miamba wa Sydney. Mwaka 1994 kimelea kinachosababisha ugonjwa uitwao QX kiliwaangamiza. Waliobaki kazini wakageukia chaza wa Pasifiki, na mwaka 2010 virusi vikawaua hao nao. Chaza hunywa kile alicholetewa na mto na bahari, na mfugaji wake anaishi kwa hisani ya maji ambayo hayamiliki.

Nyumbani tunao mfano mkubwa wa kuanza na bwawa badala ya maji. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, katika mpango wa kuchochea uchumi, iliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140 yaliyochaguliwa, kila bwawa mita za mraba 300. Nia ilikuwa njema na matokeo ya mwanzo yalionekana: samaki wa kufugwa, ambao mwaka 2008 hawakufika tani 5,000, mwaka 2014 walizidi tani 24,000. Kisha ruzuku ilipokwisha uzalishaji ukashuka, na kufikia 2017 ulikuwa kama nusu ya kilele kile. Vifaranga na chakula vilikuwa na sehemu yao katika anguko hilo, na maji pia yalikuwa na yake. Idadi sawa kwa kila jimbo ni hesabu ya siasa. Maji hayagawanyiki kwa majimbo: kuna bonde lenye chemchemi ya mwaka mzima, na kuna bonde ambalo ifikapo Februari bwawa ni tope lililopasuka.

II. Yanapumua vipi?

Swali la pili linaua samaki wengi kuliko magonjwa yote tunayoyaogopa. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji hubeba oksijeni kidogo sana. Lita moja ya maji baridi yenye nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni. Maji yakipata joto la nyuzi 30 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu saba na nusu hivi. Shikeni jambo hilo: kadiri maji yanavyopata joto, samaki huhitaji hewa zaidi, na maji huwa nayo kidogo zaidi.

Mchana, mwani mdogo unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku mwani huohuo hupumua kama kiumbe chochote na kula oksijeni iliyopo. Samaki wanapumua, bakteria wanaoozesha chakula kilichobaki chini wanapumua, wote kutoka akiba moja. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote bwawani ni alfajiri, saa kumi na moja, kabla jua halijachomoza. Mfugaji anayelitazama bwawa saa nne asubuhi akaliona la kijani zuri hajaliona bwawa lake. Aje alfajiri. Akikuta samaki wamepanda juu wakitweta kwa vinywa vilivyo wazi, hao hawaombi chakula, wanakosa pumzi. Akiwatupia chakula anawaongezea mzigo.

Machi 2023, katika Mto Darling huko Menindee, magharibi ya mbali ya jimbo hili letu, samaki wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 20 na 30 walikufa. Mafuriko yalikuwa yamepita na kuacha maji yenye mabaki mengi ya mimea, samaki walikuwa wamezaliana kwa wingi, joto likapanda, na oksijeni ikaisha. Mto ulifunikwa na mizoga kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna aliyewatilia sumu.

Ziwa Victoria limetuonyesha hilohilo. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea wakiwa wamekufa upande wa Uganda, na wataalamu wakataja upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Sangara ndiye aliyekufa zaidi kwa sababu yeye huhitaji oksijeni nyingi kuliko wenzake. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wanaoweka samaki katika vizimba ziwani, upande wa Kisumu, walipoteza samaki wao kwa wingi. Maji ya chini ya ziwa, yenye oksijeni kidogo, huinuka upepo unapolichafua ziwa. Samaki wa ziwani ana nafasi ya kukimbia. Wa kizimbani hana, na tumemweka pamoja na maelfu ya wenzake juu ya kinyesi chao wenyewe.

Nawaambia haya si kwa kupinga vizimba. Kizimba kilichowekwa mahali penye kina na mkondo, chenye idadi ya samaki inayolingana na pumzi ya maji, ni kazi halali na yenye tija. Ninachokataa ni mpango wa biashara wenye ukurasa mzima wa bei za vifaranga na usiokuwa na mstari mmoja wa oksijeni.

III. Akitoroka, itakuwaje?

Samaki wa kufugwa hutoroka. Kingo hubomoka, nyavu hutoboka, watoto huchota wachache kwenye ndoo, mafuriko huja. Sisi wa Liverpool tuliona mwaka 2022 jinsi Mto Georges ulivyoingia Chipping Norton, kwenye bustani na barabara zilizo kando ya yale maziwa ambayo yenyewe ni mashimo yaliyoachwa na uchimbaji wa mchanga. Bwawa la samaki likiwa katika njia ya maji kama yale, kesho yake samaki wote ni wa mto.

Australia imelipia somo hili. Mwaka 1925 samaki mdogo wa Marekani aitwaye gambusia aliletwa katika Bustani ya Mimea ya Sydney ale viluwiluwi vya mbu. Leo yuko kila mahali, anakula mayai ya vyura na kung'ata mapezi ya samaki wenyeji, na mbu bado wapo. Samaki aitwaye karpi alikuzwa katika shamba la samaki huko Boolarra, jimbo la Victoria. Mwaka 1964 kizazi chake kilifika kwenye Mto Murray karibu na Mildura, na mafuriko ya 1974 na 1975 yakamsambaza. Katika sehemu nyingi za mito ya bara sasa yeye peke yake ni asilimia 80 hadi 90 ya uzito wote wa samaki. Hufyonza tope akitafuta chakula, hung'oa mimea, huyachafua maji hadi samaki anayewinda kwa macho asione kitu.

Hapo ndipo mtaelewa kwa nini perege wetu hapa ni haramu. Perege wa Msumbiji, mwenyeji wa mito ya mashariki ya Afrika kuanzia Zambezi ya chini, ameenea Queensland tangu miaka ya 1970. Mwaka 2014 aligunduliwa Ziwa Cudgen, kaskazini kabisa mwa New South Wales. Jike lake hubeba mayai mdomoni, na hata akiwa amekufa mayai yale yanaweza kuwa hai bado. Ndiyo maana wavuvi wanakatazwa kumtumia kama chambo au kumrudisha majini. Dukani tunaweza kununua aliyegandishwa kutoka nje. Kumfuga au kumiliki akiwa hai ni kosa. Ndugu zangu, msiichukulie sheria hii kuwa ni dharau kwa chakula chetu. Sisi kuliko watu wote duniani tunazo sababu za kuielewa.

Kwa maana sisi ndio tulioletewa sangara. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilichunguza Ziwa Victoria na akatahadharisha juu ya kuingiza samaki mkubwa mla wenzake. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer naye alieleza kwa maandishi kwa nini sangara asiletwe. Lakini alikuwa ameshaanza kutiwa majini katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa tena. Kwa miaka ishirini alionekana mchache, watu wakadhani hofu ilikuwa bure. Miaka ya 1980 akalipuka. Furu, wale samaki wadogo wa spishi zipatazo 500, waliokuwa wanakula mwani, konokono, wadudu na masalia ya chini, waliangamia kwa wingi. Spishi zilizopotea hukadiriwa kufika 200. Ngege na mbiru, perege wenyeji wa ziwa waliokuwa wamekwisha kudhoofishwa na nyavu na kusongwa na sato, perege mgeni, wakawa adimu.

Haki itendeke: sangara alileta viwanda vya minofu Mwanza, Kisumu na Jinja, alileta fedha za kigeni, alisomesha watoto. Wapo kati yetu waliosomeshwa na sangara. Lakini faida ile ilikwenda mbali, na ziwa lilipoteza watunzaji wake wadogo wakati uleule ambapo mbolea na majitaka yalikuwa yanazidi kulirutubisha. Hadi leo tunalipa kwa maji ya kijani na kina kisicho na pumzi.

Queensland nayo ilifikiria kumleta sangara huyohuyo kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Iliwafuga wachache katika karantini na kuwachunguza, na katikati ya miaka ya 1980, habari za Ziwa Victoria zilipokuwa zinafika, mpango ukaachwa. Wakaendelea na ndugu yake, barramundi, ambaye ni mwenyeji wao wa kaskazini. Maumivu ya ziwa letu yaliokoa mito ya wengine. Na sisi tujifunze kwa ya kwao: kamba wa maji baridi wa kaskazini mwa Australia, mwenye gando jekundu, alipelekwa kusini mwa Afrika kufugwa, akatoroka, na sasa amezagaa katika Mto Kafue na Ziwa Kariba. Naivasha nako, kamba wa Louisiana aliyetiwa mwaka 1970 aliifyeka mimea ya majini.

IV. Basi tufuge nini, na vipi?

Katika bara hili la Australia ufugaji wa majini ni wa kale kuliko piramidi za Misri. Huko Budj Bim, jimbo la Victoria, watu wa Gunditjmara walichonga mifereji na mabwawa katika mawe ya volkano ili kuwaelekeza mikunga, kuwaweka, na kuwavua wakinenepa. Kazi hiyo ilianza miaka ipatayo 6,600 iliyopita, na mwaka 2019 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Hawakuleta samaki kutoka popote. Walimsoma mkunga anapita lini na maji yanapanda kiasi gani, wakajenga kulingana naye.

Sayansi ya kisasa ilipofanikiwa ilifuata njia hiyohiyo. Miaka ya 1960 huko Narrandera watafiti wa serikali walijifunza kuwazalisha samaki wa mito ya bara kwa kuchunguza jinsi mafuriko na joto la maji yanavyowaamsha kutaga. Tunda mojawapo la elimu hiyo ni silva pechi, samaki wa rangi ya fedha anayekula chakula cha punje, anayevumilia baridi ya huku ambayo ingemuua sato, na anayefugwa katika mabwawa ya udongo. Anayetaka kufuga New South Wales aanzie kwake, aombe kibali cha serikali, na achimbe mahali pasipofikiwa na gharika. Lakini tuone pia uchungu uliomo: samaki huyu anayestawi bwawani ametangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka mtoni kwake, na sababu mojawapo ni kwamba mto ulijaa kuta. Kufuga hakuchukui nafasi ya kutunza.

Nyumbani tuna utajiri wa perege usio na mfano. Ziwa Jipe na Mto Pangani vina perege wa kwao. Ngege, aliyeadimika Ziwa Victoria, bado anaishi Ziwa Kanyaboli karibu na kinamasi cha Yala. Sato wa mashambani wakiingia kwenye maji hayo huzaana na wenyeji, na damu ile ikichanganyika hakuna wa kuitenganisha. Perege hao wenyeji ndio mbegu ya wafugaji wa kesho, wenye sifa ambazo huenda tukazihitaji joto likizidi. Kwa hiyo anayeishi katika bonde lenye perege wake, na amuulize ofisa wa uvuvi kama anaweza kufugwa huyo badala ya mgeni. Na bwawa la mgeni lisichimbwe kando ya mto.

Nimalizie kwa mambo ya kufanya. Mwenye kiwanja asichimbe mwaka huu. Autumie mwaka mzima kuyasoma maji: kiangazi yanabaki kiasi gani, masika yanafika wapi, juu yake kuna nani na chini yake kuna nani. Achague samaki ambaye akitoroka hatamletea jirani msiba. Na ninyi mnaotuma fedha mna uwezo mkubwa kuliko mnavyodhani, kwa kuwa mwenye fedha ndiye anayeamua swali la kwanza liwe lipi. Ndugu akipiga simu kuomba fedha za vifaranga, mwulizeni oksijeni ya bwawa lake alfajiri ni kiasi gani. Akijua, mtumieni fedha. Asipojua, mtumieni kwanza kipimo.